Je, Wajua? Kibanda Huuzwa, Pikapu Hubaki

Marekani mtu anaweza kuuza kibanda chake cha kambi akabaki na pikapu. Kibanda hukaa ndani ya bodi ya pikapu, kimekazwa kwa vyuma pembeni. Siku ya mauzo jeki hukiinua, gari likasogezwa mbele, basi. Baadhi ya majimbo hukihesabu kuwa mzigo tu, hakidai namba ya usajili.

Vile vya paa la kuinuka, kama vinavyotengenezwa na Four Wheel Campers tangu 1972, vina kuta za turubai. Paa likishushwa, upepo haulisumbui sana gari barabarani.

Turubai hiyo ndiyo yenye kesi. Mnunuzi mjuzi hapotezi muda na mapazia: huomba paa lipandishwe, akanusa, akapitisha vidole kwenye mikunjo. Mwenye mali aliyeikunja ikiwa mbichi huumbuliwa na madoa meusi ya kuvu. Kisha mnunuzi hukanyaga sakafu pembeni; ikibonyea, maji yameshaingia, na bei itashuka.

Uzito wa kibanda nao huangaliwa: kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva wa pikapu hutaja uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Abiria wamo. Maji pia: lita 75 ni kilo 75.