Saa Sita Mbili: Lugha na Usomaji wa Takwimu za Umeme wa Jua Darasani Juba

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimekuwa kikitafutiwa nafasi katika shule zake. Makala haya yanaeleza kikwazo kimoja cha kilugha kinachoweza kumpotosha mwanafunzi wa Juba anapofundishwa kwa Kiswahili namna jamii inavyogawana umeme wa jua. Zana inayorejelewa ni PVGIS, mfumo wa Tume ya Ulaya unaopatikana bure kwenye intaneti. Mwanafunzi huchagua mahali kwenye ramani, hutaja ukubwa na mwinamo wa paneli, kisha hupata makadirio ya umeme wa kila saa. Akibadilisha kimoja, takwimu nazo hubadilika.

Tuchukue mfano wa mtaa wenye paneli za pamoja zinazoendesha pampu ya kisima na jokofu la chanjo. Swali zito hapa ni pampu iwashwe saa ngapi ili betri ibaki na akiba ya kulitosha jokofu usiku. Mwalimu aliyelelewa na Kiswahili atajibu: saa sita, jua likiwa utosini. Kwa bahati mbaya, "saa sita" ni tamko ambalo mwanafunzi huyo tayari analo katika Kiarabu cha Juba, nalo humaanisha saa kumi na mbili yetu, asubuhi au jioni, wakati ambapo paneli hazitoi chochote cha maana. Kiswahili kilikopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, lakini huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, ilhali Kiarabu cha Juba hufuata saa ya ukutani. Neno geni kabisa lingekuwa na madhara madogo zaidi, kwani mwanafunzi angeuliza maana yake. Tena saa hizo tatu, zikihesabiwa kwa Kiswahili, zote huangukia kipindi cha jua kali.

Takwimu zenyewe huongeza saa ya tatu. Jedwali la PVGIS la saa hadi saa hufuata saa za dunia (UTC), ambazo Juba imezitangulia kwa saa 2 tangu Februari 2021. Awali tofauti ilikuwa saa 3. Katika siku isiyo na mawingu, kilele cha uzalishaji huonekana karibu na 10:00 kwenye jedwali, 12:00 kwenye simu ya mwanafunzi, na saa sita katika Kiswahili. (Badiliko hilo la 2021, tuseme pembeni, liliisogeza saa ya Juba karibu zaidi na jua lake.)

Ninapendekeza kwamba, kabla ya zoezi lolote la kugawana umeme, wanafunzi waongeze safu mbili kwenye jedwali, ya saa ya Juba na ya saa ya Kiswahili, na wazijaze kwa mkono. Kisha wasimamishe fimbo uwanjani, na kivuli kikifikia ufupi wake wa mwisho, waandike saa zote tatu. Ratiba ya pampu ifuate baada ya hapo, ikitaja "saa sita mchana" pamoja na 12:00, kamwe si "saa sita" peke yake.