Ukuta, Zamu na Bima: Askari Alipe Nini, Aache Nini?

Askari anajua kuliko raia ye yote kwamba ulinzi una gharama. Ajabu ni kwamba mtu yule yule ambaye kazini huhesabu kila risasi na kuiandika daftarini, arudipo nyumbani kwake Kamenge au Kanyosha hutoa fedha za ulinzi bila kuuliza zinakwenda wapi.

Jambo hili lilidhihirika baada ya Desemba 2007, kikosi cha kwanza cha Burundi kilipokwenda Somalia. Katika miaka iliyofuata, posho za ujumbe ule zilisimamisha nyumba nyingi katika mitaa ya Bujumbura. Mwenye nyumba alikuwa Mogadishu, mama wa watoto alikuwa peke yake, na hofu ndiyo iliyopanga matumizi: ukuta uongezwe matofali, mlango wa pili wa chuma uwekwe, zamu wa mchana aajiriwe juu ya yule wa usiku.

Tupige hesabu kwa mfano tu. Zamu akilipwa faranga 150,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni faranga 1,800,000. Nyumba nne zinazopakana zikimlipa zamu mmoja mwenye tochi na filimbi, kila nyumba hutoa faranga 37,500 kwa mwezi, na zamu huyo huzunguka badala ya kusinzia nyuma ya lango moja. Mapatano hayo yafanyike mbele ya nyumba kumi, ambaye kazi yake ni kujua nani analala wapi. Zamu asiyefahamika kwa nyumba kumi ni hatari mliyoinunua kwa fedha zenu wenyewe.

Polisi aliyewahi kuandika maelezo ya wizi hahitaji kuelezwa habari ya kuta ndefu. Ukuta unaopita kimo cha mtu humzuia jirani kuona, na mwizi akiisha kuuruka hufanya kazi yake kwa utulivu. Kufuli imara, taa ndogo ya nguvu za jua isiyozimika umeme ukatikapo, na kichaka kilichofyekwa chini ya dirisha, mara nyingi hufanya kazi kubwa kuliko safu tatu za matofali. Mtumishi akiondoka na ufunguo, badilisha kitasa siku ile ile. Na bunduki ya serikali, ndugu msomaji, haikutolewa ili ilinde runinga.

Kuhusu bima, wapo wanaosema ni fedha ya bure. Hao wakumbuke Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea. Moto ulianza asubuhi. Zana za kuuzima hazikutosha, hata Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Wafanya biashara wengi hawakuwa na bima, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakidaiwa na benki kwa bidhaa zilizokwisha kuwa majivu. Kwa hiyo kuacha bima kabisa si kubana matumizi. Kubana matumizi ni kutolipia kitu kisichokuhusu, wala kulipia kitu kimoja mara mbili.

Mpangaji, kwa mfano, hana sababu ya kulipia bima ya nyumba nzima kana kwamba ni yake. Kinachomhusu ni vyombo vyake, pamoja na lawama itakayomwangukia iwapo moto utaanzia jikoni kwake. Mwenye nyumba aliyekopa benki aangalie kwanza mkataba wa mkopo: mara nyingi bima ya moto na ya maisha imekwisha katwa humo, naye anakwenda kununua nyingine. Mali moja ikikatiwa bima ile ile kwa makampuni mawili, hasara hailipwi mara mbili.

Wala usidanganye thamani ili upunguze ada. Nyumba ya milioni 40 ikiandikishwa kuwa ya milioni 20, na moto ukaharibu sehemu ya milioni 10, kwa kawaida kampuni italipa milioni 5 tu, kwa kuwa uliilinda nusu. Gari nalo hulipwa kwa thamani ya siku lilipopotea, si kwa bei uliyolinunulia. Kwa gari kuukuu, bima ya lazima, ile ya kuwafidia watu wengine, haina budi kulipwa. Bima kamili juu yake yafaa ipimwe sana.

Tena iko hatari ambayo hakuna zamu awezaye kuizuia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilibomoa nyumba katika mitaa ya kaskazini, ikiwamo Kamenge, Kinama na Buterere, na watu wengi wakafa. Hati ya bima ya moto peke yake kwa kawaida haitaji mafuriko. Aishiye karibu na mkondo wa maji atatumia vyema fedha ya ukuta mrefu kwa kuchimba mfereji na kuimarisha msingi. Hati nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Asiyekielewa asomewe kabla ya kutia sahihi.

Limebaki suala la kusafirisha vitu. Tarehe 21 Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuktuk zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na upungufu wa mafuta wa miaka ile ukapandisha nauli. Aliyenunua godoro mjini alilipa mchukuzi hadi mpakani, kisha akalipa chombo cha pili hadi nyumbani. Bei ya dukani haina maana mpaka uijumlishe na ya njiani. Saruji ya Kinama iliyo ghali kidogo huenda ikawa nafuu kwa mkaaji wa Kinama. Majirani wawili wanaojenga wakodi gari moja. Bei ikubaliwe kuwa ya mpaka mlangoni, kupakia na kupakua ndani yake, na mzigo uhesabiwe dereva akiwapo, kabla hajapewa faranga ya mwisho.