Picha ya dosie ya kazi: rangi ao nyeusi na nyeupe?

Toka Bunia hadi Lubumbashi, studio za picha zinapokea kila siku watu wenye ombi moja: picha ya uso, iliyo safi, ya kuweka kwenye CV, kwenye bango la uchaguzi, kwenye kadi ya kazi ao kwenye WhatsApp. Tangu simu zianze kuondoa rangi kwa kugusa mara moja, swali la pili limeongezeka: picha ibaki na rangi, ao igeuzwe nyeusi na nyeupe? Wengi wanachagua nyeusi na nyeupe kwa sababu wanaiona kuwa ya heshima. Lakini picha hiyo ndiyo inayomfikia mwenye kutoa kazi mbele ya mtu mwenyewe. Ikichaguliwa vibaya, dosie inaweza kurudishwa, ao mwenye picha akafika mahali na watu wasimtambue.

Mahali ambapo hakuna kuchagua

Kwa makaratasi ya safari, jibu limekwisha kutolewa. Picha ya viza ya Marekani lazima iwe ya rangi, milimita 51 kwa 51, iliyopigwa katika miezi 6 ya mwisho, na nyuma ya mtu kuwe kweupe ao karibu na kweupe. Tangu mwaka 2016, miwani hairuhusiwi. Inchi za Ulaya za eneo la Schengen zinataka milimita 35 kwa 45, nazo zinataka rangi. Sababu yake ni rahisi: afisa anapaswa kulinganisha picha na mtu aliye mbele yake, na rangi ya ngozi, ya macho na ya nywele inamsaidia.

Katika siasa pia uso una kazi yake. Kwenye uchaguzi wa 2018 na wa 2023, mashine ya kupigia kura ilionyesha sura za wagombea pamoja na namba zao. Kwa mpiga kura asiyejua kusoma, sura hiyo ndiyo jina. Mgombea aliyejitangaza barabarani kwa picha nyeusi na nyeupe yenye vivuli vizito, kisha akatokea kwenye mashine akiwa na sura nyingine, amewapa watu wake kazi ya kumtafuta.

Zamani haikuwa swali la kupenda

Heshima ambayo watu wanaipa picha nyeusi na nyeupe inatoka mbali. Picha ambazo Jean Depara alipiga Kinshasa miaka ya 1950 na 1960, za wanamuziki, vijana na maisha ya usiku, hazina rangi. Picha nyingi za harusi na za masomo ambazo familia zimehifadhi tangu wakati huo ni vilevile. Filamu nyeusi na nyeupe iliweza kusafishwa ndani ya chumba kidogo chenye giza, kwa dawa chache na mabeseni. Filamu ya rangi ilidai mashine na dawa yenye joto lisilopanda wala kushuka. Watu hawakukataa rangi. Kwa wengi, rangi ilikuwa mbali na ya bei kali.

Ndiyo maana jicho la leo likiona picha isiyo na rangi linafikiri juu ya zamani. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alilitumia jambo hilo mwaka 2006 katika kazi yake inayoitwa "Mémoire". Alichukua watu kutoka picha nyeusi na nyeupe za wakati wa ukoloni, akawaweka juu ya picha za rangi za viwanda vya madini vilivyobomoka Katanga. Anayetazama anajua papo hapo nani ni wa jana na kipi ni cha leo. Anayetafuta kazi anapaswa kulijua hilo pia: yeye anataka kuonekana mtu wa leo.

Kuna maana nyingine iliyo karibu zaidi. Kwenye makundi ya WhatsApp, mtu akibadilisha picha yake kuwa nyeusi na nyeupe, haichukui dakika nyingi mbele ya mwingine kuuliza kama kuna kilio. Kwa mwanamuziki ao mwandishi wa vitabu, uzito huo unaweza kufaa. Kwa mwalimu, muuguzi ao muuza duka anayetaka wateja, unaweza kuwafanya watu wasite.

Ngozi nyeusi mbele ya kamera

Wengine wanakimbilia nyeusi na nyeupe kwa sababu picha za rangi ziliwahi kuwaaibisha: uso umetoka mweusi kama makaa, ao wa kijivu, ao wa njano. Kosa si la ngozi yao. Kwa miaka mingi, kampuni Kodak ilituma kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina "Shirley", ili mafundi wapime rangi kwa kuifuata. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Na ilikuwa mwaka 2021 tu ambapo Google ilitangaza simu yenye kamera iliyorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi.

Lakini hata kamera nzuri inaweza kudanganyika. Ikipima mwanga yenyewe, inatafuta wastani wa picha nzima. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Kuondoa rangi hakuponyi ugonjwa huo: uso uliokuwa mweusi kupita kiasi unabaki hivyo. Dawa ni kupima mwanga kwenye uso wenyewe. Kwenye simu, inatosha kugusa uso kwenye kioo mbele ya kupiga. Kisha mtu asimame pembeni ya dirisha ao ya mlango ulio wazi, si chini ya jua la saa sita, na asibanane na ukuta.

Nyeusi na nyeupe ina faida yake ya kweli pale mianga inapochanganyika: taa ya njano juu, mwanga wa dirisha kando, shiti ya buluu inayorudisha rangi yake usoni. Kuondoa rangi kunafuta mchanganyiko huo. Lakini kuna mtego. Programu nyingi zinaruhusu kung'arisha rangi ya machungwa wakati wa kugeuza picha, na rangi hiyo ndiyo iliyo nyingi katika ngozi ya kahawia. Kidole kikisukuma kidogo, mtu ametoka mweupe kuliko alivyo, kama aliyejichubua bila kununua dawa. Siku ya mahojiano, anayeingia ofisini si yule wa kwenye karatasi.

Jaribio la fotokopi

Hata aliyechagua rangi hajamaliza. Dosie nyingi mwishowe zinapita kwenye mashine ya fotokopi, na hapo rangi zote zinakuwa kijivu. Shati jekundu mbele ya pazia la kijani linaonekana vizuri kwenye simu, lakini kwenye fotokopi vyote viwili vinaweza kuwa doa moja, na uso umekaa katikati bila mpaka. Kwa hiyo picha nzuri ya kazi ni ile ya rangi inayoweza kuishi bila rangi. Kabla ya kulipa, mtu aigeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu kwa muda mfupi. Macho, kola na ukingo wa kichwa vikionekana wazi, picha imefaulu. Visipoonekana, ni heri kubadilisha nguo ao pazia na kupiga tena.

Jambo la mwisho ni kuomba picha ya awali, ile ya rangi, isiyoguswa. Picha ya rangi inaweza kugeuzwa nyeusi na nyeupe siku yoyote. Iliyopoteza rangi hairudi, na kompyuta inayojaribu kuirudisha inabahatisha tu. Mpiga picha aitume kwenye WhatsApp kama dokima, si kama picha ya kawaida, kwa sababu programu hiyo inaibana na kuipunguzia ubora. Mwenye picha aihifadhi pia kwenye barua pepe yake. Hivyo, simu ikiibiwa ao familia ikilazimika kuhama kwa haraka, picha itabaki mahali inapoweza kupatikana tena, tayari kwa dosie nyingine.