Ini Linalokwenda Polepole: Kwa Nini Dawa ya Sonona Haina Kipimo Kimoja kwa Watu Wote

Vidole vya mkono havilingani. Methali hii aghalabu hutumiwa kueleza tofauti za tabia na za bahati, lakini inafaa pia kueleza jambo la kikemia linalotokea ndani ya ini la kila mtu. Watu wawili wenye umri mmoja na uzito mmoja waweza kumeza vidonge vya aina moja, kwa saa zile zile, na baada ya wiki mbili damu ya mmoja wao ikawa na dawa mara kadhaa kuliko damu ya mwenzake.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika matibabu ya sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni kubwa isiyokwisha, ambao humwondolea mtu hamu ya kazi, ya chakula na pengine hata ya kuishi. Mgonjwa aliyelemewa na dawa hushawishika kuitupa. Na akiitupa bila ushauri, ugonjwa waweza kumrudia kwa nguvu. Hivyo yafaa tujue dawa inakwenda wapi baada ya kumezwa.

Umetaboli wa aina mbili

Neno umetaboli lina maana ya jumla ya mabadiliko yote ya kikemia yanayotendeka mwilini. Watu wengi wasikiapo kwamba fulani ana umetaboli wa polepole, hufikiri juu ya unene. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za sonona, kama vile amitriptilini, huweza kuongeza uzito, hasa kwa kuzidisha hamu ya kula. Ni kweli pia kwamba tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizalisha homoni chache mno, mwili hutumia nishati polepole, na mtu huwa mchovu na mzito wa mawazo hata akadhaniwa kuwa na sonona peke yake. Kwa sababu hiyo daktari huweza kuagiza tezi hiyo ipimwe.

Lakini upo umetaboli mwingine, nao ndio tunaouzungumzia hapa: umetaboli wa dawa. Mtu mwembamba kabisa, anayekula sana bila kunenepa, aweza kuwa na ini linalovunja dawa polepole mno. Mambo haya mawili hayategemeani.

Kazi ya ini

Dawa nyingi za sonona huyeyuka vizuri katika mafuta. Sifa hiyo huziwezesha kupenya mpaka ubongoni, lakini pia huzifanya zisitoke kwa urahisi katika mkojo. Kwanza ini halina budi kuzibadilisha ziwe vitu vinavyoyeyuka katika maji. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, na miongoni mwa vilivyo mashuhuri ni viwili vinavyoitwa CYP2D6 na CYP2C19. Amitriptilini, kwa mfano, hugeuzwa na CYP2C19 kuwa notriptilini, ambayo nayo ni dawa ya sonona. Kisha CYP2D6 huiandaa notriptilini hiyo kwa safari ya kutoka mwilini.

Muundo wa kila kimeng'enya umeandikwa katika jeni, na kila mtu hurithi nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyerithi nakala mbili zisizofanya kazi hukosa kimeng'enya hicho kabisa. Aliyerithi nakala dhaifu huwa nacho, ila hufanya kazi kwa uvivu. Tena wapo waliorithi nakala za ziada, ambao huvunja dawa upesi hata isiwafae.

Jinsi jambo hili lilivyogunduliwa

Historia yake inakutana na ile ya kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa ya iproniazidi walionekana kuchangamka kupita kiasi. Dawa hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza kutumiwa kutibu sonona, ingawa baadaye iliachwa katika nchi nyingi kwa kuwa ilidhuru ini. Ndugu yake, isoniazidi, bado inatibu kifua kikuu hadi leo. Katika miaka ya 1950 ilionekana kwamba baadhi ya watu huivunja isoniazidi polepole kwa kurithi, na hao ndio wanaopatwa zaidi na ganzi miguuni. Ganzi hiyo huzuiwa kwa vitamini B6.

Mwaka 1969 watafiti wa Sweden walichunguza mapacha waliokuwa wamepewa notriptilini. Kiasi cha dawa katika damu ya mapacha wa kufanana kilikaribiana, iwapo hawakuwa wakitumia dawa nyingine. Kwa mapacha wasiofanana kilitofautiana zaidi. Urithi ukadhihirika. Katika miaka hiyo ya 1970 mwanasayansi Robert Smith wa London alimeza debrisokwini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, pamoja na wenzake wa maabara. Wenzake hawakupata taabu, lakini yeye shinikizo lake lilishuka vibaya. Uchunguzi uliofuata ulikifichua kimeng'enya ambacho leo chaitwa CYP2D6.

Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, kati ya 5 na 10 katika kila 100 hawana kimeng'enya hicho. Katika Afrika hali ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba nchini Ethiopia watu wapatao 29 katika kila 100 wana nakala za ziada. Nao utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu Watanzania ulionyesha kwamba uwezo wao wa kuivunja debrisokwini ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa kwa kuangalia jeni zao. Sababu moja ni aina dhaifu ya jeni hiyo, iitwayo *17, ambayo ni ya kawaida kwa Waafrika wengi. Basi kipimo kilichokadiriwa kwa wagonjwa wa Ulaya si lazima kitufae sisi.

Jaribio la darasani

Chukueni ndoo mbili. Kila "siku" mimineni mililita 100 za maji katika kila ndoo. Hayo ndiyo dawa. Kabla ya kumimina mara nyingine, ondoeni nusu ya maji ya ndoo ya kwanza, na robo tu ya maji ya ndoo ya pili. Ndoo ya kwanza itakuwa na mililita 100, kisha 150, kisha 175, nayo itakaribia 200 na kukoma. Ya pili itakuwa na 100, 175, 231, na kuendelea kupanda mpaka ikaribie 400.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, kipimo ni kile kile, lakini ndoo ya ini la polepole imebeba maradufu. Pili, siku ya kwanza ndoo zililingana. Ndiyo maana mgonjwa huweza kusema dawa haina taabu, na wiki ya pili akalemewa.

Mgonjwa afanye nini?

Dalili za amitriptilini iliyozidi ni kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, macho kuona ukungu, usingizi mzito, kizunguzungu wakati wa kusimama, na moyo kwenda mbio. Dalili hizi hazimaanishi kwamba mgonjwa ni dhaifu wa moyo, wala kwamba amepewa sumu. Ni habari kutoka ini, na zinapaswa kumfikia daktari. Anayezimia, kuchanganyikiwa au kujiwa na mawazo ya kujiua apelekwe hospitali mara moja.

Kipimo cha jeni kipo, lakini hospitali nyingi hazina. Hata hivyo ipo njia isiyohitaji mtambo: kuanza na kipimo kidogo, kukipandisha polepole, na kuandika kila siku mgonjwa anavyojisikia. Kwa anayejulikana kukosa CYP2D6, miongozo ya kimataifa hushauri dawa nyingine badala ya amitriptilini, au ikibidi itumike, nusu ya kipimo cha kuanzia.

Mgonjwa asipunguze wala kuacha dawa kwa shauri lake mwenyewe, wala asiongeze kwa haraka ya kupona, kwa kuwa dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Amtajie daktari kila dawa anayotumia, pamoja na za miti shamba. Fluoksetini, ambayo nayo ni dawa ya sonona, hukizuia CYP2D6, ikamfanya mtu mwenye ini jepesi awe kama wa ini zito. Rifampisini ya kifua kikuu huviamsha vimeng'enya vingi vya ini, ikapunguza dawa katika damu. Uzee na maradhi ya ini pia huchelewesha kazi hii, na pombe huzidisha usingizi.

Nyumbani nako lipo jukumu. Ndugu amwonapo mgonjwa akisinzia mchana kutwa, asimwite mvivu. Amsindikize zahanati akiwa na vidonge vyake mkononi. Huenda linalohitajika ni kupunguziwa robo ya kidonge tu, na matibabu yakaendelea.