Filta ya hewa ikipuuzwa, faida ya mavuno huishia gereji

MVUA zinapokatika, Kilimatinde wilayani Manyoni huingia katika miezi ya vumbi. Ni miezi hiyo hiyo ambayo mkulima huvuna mtama, uwele na alizeti, na mfanyabiashara mdogo hutafuta pikapu ya kusomba magunia kutoka mashambani. Gari hufanya kazi nyingi zaidi wakati hewa ni chafu zaidi.

Wenye magari wengi hukagua oili, maji na upepo wa matairi, lakini husahau kuwa injini nayo hupumua. Kuunguza lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Gari linalotumia lita 20 kwa siku huvuta lita 180,000, na zote hupita kwenye filta moja ya karatasi.

Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikipenya, husugua ringi, pistoni na kuta za silinda kama msasa. Dalili huchelewa: injini hula oili, hutoa moshi wa bluu na kushindwa mlima. Hapo dawa ni kufungua injini, na gari hulala gereji huku mizigo ikisombwa na wengine.

Kosa kubwa zaidi ni kusafisha vibaya. Wapo wanaopigiza filta kwenye tairi, wanaoifua kwa petroli, na wanaoitoa kabisa ili gari lipate nguvu. Filta iliyoziba hupunguza nguvu, lakini iliyotoboka huua injini.

Kazi hii mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani, injini ikiwa imezimwa na kupoa:

1. Futa vumbi juu ya boksi la filta kabla ya kufungua vibanio, lisije likaangukia ndani.

2. Toa filta, kisha ziba mdomo wa bomba liendalo kwenye injini kwa kitambaa safi.

3. Gonga filta taratibu kwa kiganja. Ukitumia upepo wa pampu, uwe mdogo na upulizwe kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Filta ya karatasi haioshwi kwa maji wala petroli.

4. Mulika kwa tochi kutoka ndani. Mwanga ukipita kwenye tundu au mpasuko, au mpira wa pembeni ukiwa umekatika, nunua filta mpya.

5. Futa boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Ukikuta vumbi upande wa pili wa filta, kuna mahali panapovuja: kagua mpira wa hewa na klempu zake.

6. Ondoa kitambaa mdomoni, rudisha filta ikae sawasawa na ufunge vibanio vyote.

Magari ya kisasa yana kifaa cha kupima hewa baada ya filta. Kisiguswe wala kupulizwa.

Filta ya sponji, iliyomo katika baadhi ya pikipiki, huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa oili kidogo. Trekta za zamani kama Massey Ferguson 135 huchuja hewa kwa oili iliyo kwenye bakuli. Mwaga oili chafu, osha bakuli na ujaze hadi kwenye alama. Ikizidi, injini inaweza kuivuta.

Je, mafuta yatapungua? Kwa gari la kabureta, filta iliyoziba huongeza ulaji wa petroli. Lakini majaribio ya maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha kuwa kwa magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta, ulaji haubadiliki sana; kinachopungua ni nguvu. Faida kubwa, basi, ni uhai wa injini.

Kiangazi, ni vema kukagua filta kila wiki, na kuibadilisha mapema kuliko gari la mjini linalopita lami. Anayeona filta mpya ni ghali aulize bei yake dukani, kisha amuulize fundi gharama ya kufungua injini, na ajumlishe safari atakazokosa msimu wa mavuno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.