Usajili wa warushaji wa besiboli vyuoni Marekani

Usajili wa warushaji wa besiboli vyuoni ni utaratibu ambao vyuo vya Marekani huutumia kuwatafuta, kuwapima na kuwachagua vijana wa shule za sekondari wanaocheza nafasi ya mrushaji katika mchezo wa besiboli. Kijana anayechaguliwa huichezea timu ya chuo huku akisoma, na mara nyingi hupunguziwa sehemu ya ada. Kwa kawaida utaratibu huu huanza kijana akiwa na miaka 15 au 16, na humalizika anapohitimu sekondari akiwa na miaka 18 hivi.

Wanafunzi wanaocheza besiboli katika shule za sekondari za Marekani ni zaidi ya 450,000 kwa mwaka. Kwa makadirio ya NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo nchini humo, wanaofika kuvichezea vyuo vyake ni karibu 7 tu kati ya kila 100. Kwa mrushaji ushindani huu una hatari ya pekee: kurusha kwa nguvu na mara nyingi humfanya aonekane na makocha, lakini kunaweza pia kuuharibu mkono wake kabla hajafika chuoni.

Kazi ya mrushaji

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji husimama juu ya tuta la udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mdakaji wa timu yake. Mpigaji wa timu pinzani husimama mbele ya mdakaji akiwa na gongo, akijaribu kuupiga mpira huo. Tangu mwaka 1893 umbali kutoka kibao cha mrushaji hadi bamba la nyumbani ni futi 60 na inchi 6 (mita 18.44). Mpira unaorushwa kwa kasi ya maili 90 kwa saa (kilomita 145) huufikia upande wa mpigaji kwa muda usiofika nusu sekunde.

Mrushaji mzuri hategemei kasi peke yake. Huchanganya mpira wa kasi, mpira unaopinda ukiwa angani, na mpira wa polepole unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono ili kumdanganya mpigaji.

Timu ya chuo cha ngazi ya juu huruhusiwa kucheza hadi mechi 56 katika msimu wa kawaida, kuanzia Februari hadi Mei. Kwa kuwa mrushaji aliyerusha mipira mingi huhitaji siku kadhaa za kupumzika, timu huhitaji warushaji wengi, na mara nyingi hukaribia nusu ya wachezaji wote. Ndiyo maana makocha huwatafuta warushaji kila mwaka.

Ngazi za vyuo

NCAA ilianzishwa mwaka 1906, na tangu 1973 vyuo vyake vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la I lina vyuo vyenye bajeti kubwa zaidi ya michezo, na mabingwa wake wa besiboli hupatikana katika mashindano yanayofanyika mjini Omaha, jimbo la Nebraska, tangu mwaka 1950. Daraja la II hutoa ufadhili kwa kiasi kidogo zaidi. Daraja la III halitoi ufadhili wowote kwa sababu ya michezo.

Nje ya NCAA kipo chama cha NAIA, ambacho vyuo vyake vingi ni vidogo, na NJCAA, chama cha vyuo vya miaka miwili kilichoanzishwa mwaka 1938. Vyuo vya miaka miwili huwafaa vijana ambao hawajakomaa kimwili au ambao alama zao za darasani hazijatosha. Roger Clemens, aliyekuja kuwa mmoja wa warushaji mashuhuri wa karne ya 20, alianzia chuo cha miaka miwili cha San Jacinto huko Texas, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Texas kilichotwaa ubingwa mwaka 1983.

Mambo yanayopimwa na makocha

Jambo la kwanza linaloangaliwa ni kasi ya mpira, ambayo hupimwa kwa rada ya mkononi. Hakuna kiwango kimoja kilichoandikwa, lakini makocha wengi wa Daraja la I huvutiwa na kijana anayekaribia au kuzidi maili 90 kwa saa. Anayerusha kwa mkono wa kushoto mara nyingi hukubaliwa akiwa na kasi ndogo kidogo, kwa sababu warushaji wa aina hiyo ni wachache. Kocha huangalia pia ulengaji, umbo la mwili, mwendo wa mkono, na jinsi kijana anavyojituliza anapozidiwa na wapigaji. Siku hizi vipo vyombo vinavyopima hata idadi ya mizunguko ya mpira ukiwa angani.

Mashindano ya shule peke yake mara nyingi hayatoshi kumfanya kijana ajulikane. Wengi hujiunga na timu binafsi za kiangazi zinazosafiri kutoka jimbo hadi jimbo, huhudhuria kambi za mazoezi zinazoandaliwa na vyuo, na hushiriki maonyesho ya vipaji yanayoandaliwa na kampuni kama Perfect Game. Pia huwatumia makocha video fupi pamoja na alama zao za darasani. Safari na kambi hizo hulipiwa na wazazi, hivyo kijana wa familia yenye kipato kidogo anaweza kukosa kuonekana hata kama ana uwezo.

Hata hivyo kipaji huweza kuchelewa kujitokeza. Jacob deGrom aliingia Chuo Kikuu cha Stetson huko Florida akiwa mchezaji wa ndani ya uwanja, wala si mrushaji. Alianza kurusha katika mwaka wake wa tatu chuoni, mwaka 2010, na baadaye akashinda tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi, mwaka 2018 na 2019.

Kalenda na masharti ya masomo

Sekondari ya Marekani huwa na miaka minne, darasa la 9 hadi la 12. Zamani baadhi ya vijana walipewa ahadi na vyuo wakiwa bado darasa la 9, au hata kabla ya hapo. Mwaka 2023 NCAA ilibadilisha kanuni: makocha wa besiboli wa Daraja la I hawaruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kuhusu usajili kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka anaoanza darasa la 11.

Ahadi ya mdomo haimfungi mtu yeyote. Kijana anaweza kubadili nia, na kocha naye anaweza kuondoa ahadi yake, kwa mfano mchezaji akiumia au kocha akihamia chuo kingine. Makubaliano yenye nguvu ni yale ya maandishi kuhusu ufadhili, ambayo husainiwa kijana akiwa darasa la 12.

Kipaji hakiondoi masharti ya masomo. Ili kuruhusiwa kucheza Daraja la I, mwanafunzi lazima awe amemaliza masomo 16 ya msingi, kama vile Kiingereza, hisabati, sayansi na sayansi ya jamii. Kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12. Wastani wa alama zake katika masomo hayo usipungue 2.3 katika kipimo cha 4.0. Kwa Daraja la II wastani unaotakiwa ni 2.2. Tangu 2023 NCAA haidai tena mitihani ya SAT na ACT, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Kwa sababu hiyo, anayezembea darasa la 9 na la 10 anaweza kujikuta amejifungia mlango kabla hata kocha hajamwona.

Ufadhili wa masomo

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji wa chuo husomeshwa bure. Katika besiboli hali haikuwa hivyo kwa walio wengi. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la I iliruhusiwa kutoa thamani ya ufadhili kamili 11.7 tu, ambao uligawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, kila mmoja akipata angalau asilimia 25. Kama gharama ya chuo ilikuwa dola 40,000 kwa mwaka, aliyepata asilimia 25 alipunguziwa dola 10,000, na familia yake ikatafuta dola 30,000 zilizobaki.

Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano ya kesi inayojulikana kama House dhidi ya NCAA. Katika vyuo vilivyoyakubali, kikomo cha ufadhili kiliondolewa na badala yake kikawekwa kikomo cha wachezaji 34 kwa timu. Chuo chenye uwezo sasa kinaweza kumfadhili kila mchezaji, lakini nafasi zenyewe zimepungua, kwani timu nyingi zilikuwa na wachezaji zaidi ya hao.

Ushindani umeongezwa pia na uhamisho. Tangu 2018 wachezaji wa vyuo hujiandikisha katika mfumo wa kielektroniki wanapotaka kuhama, na kanuni zililegezwa zaidi kuanzia 2021. Kocha anayehitaji mrushaji anaweza kumchagua kijana wa miaka 21 aliyekwisha kuzoea mechi za chuo badala ya yule wa miaka 18. Kutokana na hayo, ufadhili unaotolewa kwa alama nzuri au kwa uhitaji wa familia mara nyingi huwa na thamani kubwa kuliko ule wa michezo. Pia hauondoki mkono unapoumia.

Hatari ya kuumia

Kurusha kwa nguvu huivuta sana ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko, yaani utepe mgumu unaoshikanisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa chini. Ikikatika, mrushaji hawezi tena kurusha kwa kiwango chake. Tarehe 25 Septemba 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, upasuaji wa kuweka ukano kutoka sehemu nyingine ya mwili mahali pa ligamenti hiyo. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na kucheza hadi 1989, na upasuaji huo hadi leo huitwa kwa jina lake. Kupona huchukua mwaka mmoja au zaidi, na si wote wanaorudia hali ya awali.

Upasuaji huo si wa wachezaji wa kulipwa peke yao. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, uliohusu upasuaji wa aina hiyo Marekani kati ya 2007 na 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 19.

Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani na shirikisho la USA Baseball walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Kijana wa miaka 15 au 16 anashauriwa asizidishe mipira 95 kwa siku, na wa miaka 17 au 18 asizidishe 105. Baada ya mechi apumzike siku kadhaa kulingana na idadi aliyorusha, na kila mwaka akae miezi isiyopungua minne bila kurusha katika mashindano. Tangu 2017 kila jimbo hutakiwa kuwa na kanuni ya idadi ya mipira kwa mechi za shule. Lakini kijana huyohuyo anaweza kurusha Jumanne kwa shule yake na Jumamosi kwa timu binafsi, mbele ya makocha wenye rada, bila timu hizo kuhesabu kwa pamoja. Hapo ulinzi hubaki mikononi mwa mchezaji mwenyewe na wazazi wake.

Chuo au ligi ya kulipwa

Kila mwaka timu za ligi kuu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mhitimu wa sekondari anaweza kuchaguliwa, lakini akiingia chuo cha miaka minne kwa kawaida husubiri hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Aliye katika chuo cha miaka miwili hasubiri.

Gerrit Cole alichaguliwa na New York Yankees mwaka 2008 alipomaliza sekondari, akakataa na kwenda Chuo Kikuu cha UCLA. Mwaka 2011 alichaguliwa wa kwanza kabisa, na Pittsburgh Pirates. Paul Skenes alianzia Chuo cha Jeshi la Anga huko Colorado akiwa mdakaji na mrushaji, akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, akatwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2023 na kuchaguliwa wa kwanza mwaka huohuo. Wengi wa wanaorusha vyuoni hawafiki huko: safari yao ya mchezo huishia chuoni, na wanachoondoka nacho ni shahada.