Salfa ya jirani, au namna ya kupima faida ya Kiingereza

Msomaji wetu wa Chiungutwa, Masasi, mkulima wa korosho, anauliza: binti yake amemaliza kidato cha nne, pesa iliyopo imlipie kozi ya Kiingereza au inunue salfa ya kupulizia mikorosho?

Kwamba wajuao Kiingereza hulipwa zaidi ni habari ya kale. India, kwa takwimu za 2005, wanaume wanaokizungumza vizuri walipata ujira wa saa uliozidi wa wasiokijua kwa asilimia 34. Tabu ni kujua kilicholipa: ni lugha, au ni mfuko wa baba?

Twende shambani. Apulizaye salfa ndiye huyohuyo anayepalilia na kupogoa. Akivuna sana, huwezi kuisifu salfa peke yake. Lakini alfajiri upepo huupeperusha unga wa salfa hadi kwa jirani ambaye hakununua hata kilo. Mikorosho yake ya upande huo ikiepuka ugonjwa wa ubwiri unga, na ya upande wa pili ikaugua, basi mkulima ni yuleyule na jembe ni lilelile: salfa imejishuhudia yenyewe. Mbinu hii wengine wataiita "kigeu ala" (instrumental variable), jina linalonuka karakana. Mimi naiita "kigeu upepo", mhariri anivumilie.

Wachumi Hoyt Bleakley na Aimee Chin, katika utafiti uliochapishwa 2004, waliupata upepo huo Marekani: umri wa mtoto mhamiaji alipowasili. Waliofika wadogo Kiingereza kiliwaingia bila jasho. Waliofika wakubwa walihangaika nacho. Lakini kufika mapema huleta na mengine, si lugha tu. Ndipo wakawatazama watoto waliotoka nchi zinazozungumza Kiingereza, ambao nao walifika kwa umri tofauti lakini lugha wanayo tayari, wakaitoa tofauti ya kipato iliyoonekana kati yao. Raha iliyoje! Kilichobaki ni lugha, na ililipa, hasa kwa kupitia shule: aliyemwelewa mwalimu alisoma miaka mingi zaidi.

Kwetu Tanzania, katika shule nyingi za serikali, masomo hugeuka Kiingereza kidato cha kwanza, upepo ukiwa umeshapita. Marekani si Masasi, sawa. Lakini hata India, kati ya wafanyakazi vijana, waliovuna kwa Kiingereza ni wenye elimu kubwa tu, na korosho ya chama cha ushirika (AMCOS) mnadani haiulizwi sarufi.

Basi mzazi, binti akiwa na nafasi ya kidato cha tano au chuo, lipia kozi. Akibaki nawe shambani, nunua salfa, tena kabla mikorosho haijachanua.